Kutoka sekunde moja ya Ikangaa hadi dhahabu ya Simbu: Nyanda za Kati zimejifunza nini?

ASUBUHI ya Septemba 15, 2025, ndani ya Uwanja wa Taifa wa Japan jijini Tokyo, wanaume wawili walivuka mstari wa mwisho wa mbio za marathoni kwa wakati mmoja machoni pa watazamaji. Mmoja alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani, aliyejirusha kifua mbele hadi akaanguka. Mwingine alikuwa Alphonce Felix Simbu wa Tanzania. Saa ya uwanjani iliwaandikia wote saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi waamuzi watazame picha ya mstari wa mwisho ndipo waamue, na picha ikaonyesha kuwa Simbu alikuwa ametangulia kwa mia tatu za sekunde.

Kwa ushindi huo, Tanzania ilipata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Mashindano ya Dunia ya riadha, ambayo yalianza mwaka 1983 mjini Helsinki, Finland. Taifa lililokuwa limezoea kusimulia habari za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kama mambo ya kale, ghafla likapata jambo la kusimulia kwa wakati uliopo.

Simbu alizaliwa mwaka 1992 katika kijiji cha Mampando, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Ni mtoto wa Nyanda za Kati, eneo ambalo wengi hulitaja kwa ukame, alizeti, mtama na kuku wa kienyeji kuliko kwa medali. Lakini si wa kwanza kutoka ukanda huo kusimama katika kilele cha mbio ndefu duniani. Miaka 36 kabla yake, mzaliwa wa Dodoma, Juma Ikangaa, alitwaa ubingwa wa mbio za marathoni za jiji la New York.

Maisha ya kimichezo ya wanariadha hawa wawili, yakiwekwa bega kwa bega, yanaeleza mengi kuhusu namna Tanzania inavyowapata mabingwa wake. Aidha, yanaibua swali ambalo shangwe za Tokyo hazikulijibu: je, dhahabu hiyo ni tunda la mfumo, au ni tunda la mtu mmoja aliyekataa kukata tamaa?

Mtu wa nafasi ya pili

Ikangaa, aliyezaliwa Julai 1957, alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Dunia ilianza kumfahamu vizuri mwaka 1982 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Brisbane, Australia. Katika mbio hizo aliwaacha wenzake mapema, akaongoza kwa muda mrefu, kisha akapitwa mwishoni na mwenyeji, Robert de Castella. De Castella alimaliza kwa saa 2:09:18 na Ikangaa kwa 2:09:30. Hadi leo mbio hizo huhesabiwa na wapenzi wa riadha kuwa miongoni mwa zile za kusisimua zaidi zilizowahi kukimbiwa katika michezo hiyo.

Mwaka uliofuata, huko Fukuoka, Japan, alishindwa na Toshihiko Seko kwa sekunde 3 tu. Na mwaka 1988, katika mbio za Boston nchini Marekani, alifika mstari wa mwisho akiwa na saa 2:08:44, lakini Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa tayari ameupita kwa saa 2:08:43. Sekunde moja baada ya zaidi ya kilomita 42. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa akabaki jina la pili katika orodha. Alirudi mwaka 1989 akawa wa pili, akarudi tena mwaka 1990 akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo.

Mkimbiaji wa aina hiyo angeweza kukumbukwa kama mtu wa bahati mbaya. Haikuwa hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, Ikangaa alishinda pia. Alitwaa mbio za Tokyo mwaka 1984 na 1986, mara ya pili akitumia saa 2:08:10, na mwaka huohuo wa 1986 akashinda Fukuoka. Kisha ikaja New York, Novemba 1989, alipomaliza kwa saa 2:08:01 na kuweka rekodi ya mbio hizo ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 2001.

Pili, namna yake ya kukimbia haikumwacha mtu bila maoni. Wakati wengi hujificha katikati ya kundi wakisubiri kilomita za mwisho, yeye alitoka mbele na kuwalazimisha wenzake waumie mapema. Alishindwa mara nyingi kwa sababu ya ujasiri huo, na alishinda kwa sababu ya ujasiri huohuo.

Katika Michezo ya Olimpiki alikuwa wa 6 mjini Los Angeles mwaka 1984 na wa 7 mjini Seoul mwaka 1988. Hakupata medali. Kwa hiyo Tanzania ikaendelea kuhesabu medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: ya Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Nyambui katika mita 5,000. Hesabu hiyo ilikuwa bado ni mbili baada ya Michezo ya Paris mwaka 2024.

Miaka ya kichwa cha mwendawazimu

Rais wa Awamu ya Pili, Ali Hassan Mwinyi, aliwahi kuufananisha mchezo wa soka wa Tanzania na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Msemo huo ulishika, ukasambaa hadi katika michezo mingine, na kwa miaka mingi kila timu ya taifa iliporudi mikono mitupu ulitolewa tena kabatini.

Kwa riadha, hata hivyo, msemo huo haukuwa na haki kamili. Baada ya Ikangaa, Watanzania hawakuacha kushinda. Francis Naali alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester mwaka 2002, na Samson Ramadhani akafanya hivyohivyo mjini Melbourne mwaka 2006, kama alivyokuwa amefanya Gidamis Shahanga mjini Edmonton, Canada, mwaka 1978. Mwaka 2005 ulikuwa wa neema: Christopher Isegwe alipata fedha ya marathoni katika Mashindano ya Dunia mjini Helsinki, na Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, mashindano yaliyofanyika pia mjini Edmonton.

Kilichokosekana si vipaji, wala si medali za hapa na pale. Kilichokosekana ni mwendelezo. Kila bingwa alichomoza peke yake, akang'ara kwa miaka miwili au mitatu, kisha pakawa na kimya hadi mwingine atokee. Wakati Kenya ilikuwa ikipeleka wakimbiaji watatu wenye uwezo unaokaribiana katika kila mbio, Tanzania ilimtegemea mmoja. Akiumia goti au akiamka na homa, nchi nzima ilikuwa imekwisha kushindwa kabla ya bunduki kulia.

Katika kipindi hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Kwa mikoa ya Dodoma na Singida, ambako klabu za riadha ni za kuhesabika, mashindano ya shule ndiyo yaliyokuwa ungo wa kupepetea vipaji. Ungo ulipoondolewa, punje na makapi vilibaki pamoja.

Safari ya miaka 10

Simbu ni wa kizazi hicho. Njia yake haikuwa ya mkato. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 23, alishiriki Mashindano ya Dunia mjini Beijing na kumaliza wa 12. Mwaka mmoja baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, alikuwa wa 5 kwa saa 2:11:15. Januari 2017 alishinda mbio za Mumbai nchini India, na Agosti mwaka huohuo akapata medali ya shaba katika Mashindano ya Dunia jijini London kwa saa 2:09:51, sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha. Geoffrey Kirui wa Kenya ndiye aliyeshinda.

Baada ya hapo, kwa macho ya mashabiki wa kawaida, alionekana kusimama mahali pamoja. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 na mbio zake za marathoni kukimbiwa Sapporo, alikuwa wa 7. Mjini Birmingham mwaka 2022 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Jijini Paris mwaka 2024 alimaliza wa 17. Alikuwa na miaka 32, na wapo waliodhani kuwa jua lake limeanza kuzama.

Aprili 21, 2025, alikwenda Boston, barabara ileile iliyomnyima Ikangaa ushindi mara tatu. Alimaliza wa pili kwa saa 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya. Cybrian Kotut, pia wa Kenya, aliandikiwa muda uleule wa 2:05:04, lakini Simbu alimtangulia. Miezi mitano baadaye, mjini Tokyo, alirudia jambo lilelile kwa thamani kubwa zaidi: alisubiri katika kundi, akavumilia joto na unyevunyevu wa asubuhi ya Japan, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Petros, na akampita katika hatua za mwisho kabisa. Iliass Aouani wa Italia alifuata kwa saa 2:09:53.

Tofauti ya mbinu kati ya wana hawa wawili wa Nyanda za Kati ni ya wazi. Ikangaa alitaka kushinda mbio kuanzia kilomita ya kwanza; Simbu alijifunza kushinda katika mita 100 za mwisho. Lakini wanafanana katika jambo moja lililo kubwa kuliko mbinu, nalo ni muda. Kila mmoja alikuwa amevuka miaka 30 alipopata ushindi mkubwa kuliko yote maishani mwake. Hakuna aliyefika kileleni kwa kuruka ngazi.

Hesabu ya mfukoni

Ni vigumu kuelewa maisha ya mkimbiaji wa marathoni bila kuzungumzia fedha, na hapa ndipo watazamaji wengi hupotoka. Shirikisho la riadha la dunia hulipa bingwa wa dunia dola 70,000 za Marekani, na mshindi wa pili dola 35,000. Kwa hiyo zile mia tatu za sekunde mjini Tokyo zilikuwa na thamani ya dola 35,000, yaani zaidi ya Sh milioni 80. Boston, mwaka huohuo, mshindi wa pili alikuwa anapata dola 75,000 na wa tatu dola 40,000. Hapo pia, kati ya wakimbiaji wawili wenye muda uleule, palikuwa na pengo la dola 35,000.

Lakini fedha hizo hazifiki zote nyumbani. Nchini Marekani, kwa kawaida mwanariadha wa kigeni hukatwa kodi ya asilimia 30 kabla hajapokea kitu. Wakala naye huchukua sehemu yake, ambayo kwa desturi ya mchezo huo ni asilimia 15. Dola 75,000 zinaweza kubaki dola 41,250. Katika hizo mwanariadha anapaswa kumlipa kocha, kununua viatu, kula vizuri, kujitibu, na kusaidia ndugu ambao wamesoma kwenye gazeti kwamba ameshinda mamilioni.

Jambo la kuzingatia zaidi ni idadi ya siku za kazi. Mchezaji wa tenisi, hata yule anayejipatia riziki katika mechi za wawili wawili ambako zawadi hugawanywa na mwenzake, huwa na mashindano karibu kila wiki ya mwaka. Akitolewa raundi ya kwanza Jumatatu, wiki ijayo yupo mji mwingine. Afrika Mashariki imewahi kuwa na watu wa aina hiyo: Paul Wekesa wa Kenya alitwaa mataji matatu ya wawili wawili katika ngazi ya juu ya wanaume na kufikia nafasi ya 100 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1995, na mwaka 2022 Angella Okutoyi, pia wa Kenya, alishinda taji la wasichana la wawili wawili la Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Mkimbiaji wa marathoni hana nafasi hiyo. Mwili wa binadamu huruhusu mbio mbili, pengine tatu, za ushindani wa juu kwa mwaka. Akiumwa tumbo siku ya mbio, nusu ya mapato ya mwaka imekwenda. Hana mwenzake wa kumfichia makosa, na hana wiki ijayo ya kujirekebisha. Ndiyo maana swali la nani anamlipa mkimbiaji katika miezi ambayo hakimbii ni swali la msingi kuliko lile la nani anampokea uwanja wa ndege.

Katika enzi za Ikangaa hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 riadha ilikuwa bado imefungwa na kanuni za uridhaa. Ni mwaka 1982 tu shirikisho la kimataifa liliporuhusu mapato ya wanariadha kuwekwa katika mifuko maalumu ya amana. Mashindano ya Dunia yenyewe hayakuanza kutoa zawadi za fedha hadi mwaka 1997, wakati Ikangaa alikuwa amekwisha kuwa na miaka 40.

Gwanda na jezi

Jibu la Tanzania kwa swali hilo, jana na leo, limekuwa moja: jeshi. Ikangaa alikuwa askari. Simbu ni askari wa JWTZ. Mshahara wa jeshi huingia kila mwezi, ashinde asishinde, matibabu yapo, na ruhusa ya kwenda kambini au ng'ambo hutolewa na mkubwa anayejua thamani ya bendera. Ni mfumo ambao haujaandikwa popote kama sera ya maendeleo ya riadha, lakini kwa vitendo ndiyo sera yenyewe.

Uganda imefanya hivyohivyo kwa upana zaidi. Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya marathoni jijini London mwaka 2012, alikuwa askari magereza. Vyombo vya ulinzi na usalama vya nchi hiyo vimegeuka kuwa klabu za riadha, vikishindana vyenyewe kwa vyenyewe kutafuta vijana. Kwa matokeo hayo, nchi ambayo haikuwa tishio katika mbio ndefu miaka 30 iliyopita sasa ina mabingwa wa Olimpiki na wa dunia.

Hata hivyo, mlango wa jeshi ni mwembamba. Kijana wa Ikungi, Manyoni, Mpwapwa au Kondoa mwenye mapafu ya kukimbia lakini asiye na sifa za kuandikishwa anabaki na njia mbili: kulima na kukimbia jioni, au kuhamia kaskazini kutafuta kundi. Wengi huchagua la kwanza, na baada ya miaka miwili huacha kukimbia. Zipo pia kampuni binafsi zinazojitokeza, kama MultiChoice Tanzania ilivyomdhamini Simbu kuelekea London mwaka 2017. Lakini mdhamini humfuata aliyekwisha kung'ara. Hakuna anayemdhamini kijana wa miaka 17 ambaye jina lake halijulikani hata wilayani kwake.

Mwinuko na barabara

Zipo sababu za kijiografia zinazowasukuma vijana hao kaskazini. Mji wa Dodoma uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Singida takribani mita 1,500. Ni mwinuko mzuri, lakini si ule wa Iten nchini Kenya, ambao ni karibu mita 2,400. Mwili unaoishi na kufanya mazoezi juu sana hujifunza kutumia hewa haba, na faida hiyo huonekana mwanariadha anaposhuka kukimbia karibu na usawa wa bahari. Ndiyo maana Mbulu, Karatu na miteremko ya Arusha imezaa wakimbiaji wengi, na ndiyo maana Simbu mwenyewe alikwenda kujenga maisha yake ya mazoezi Arusha chini ya kocha Francis John.

Lakini mwinuko si kila kitu. Faida kubwa ya Iten si hewa peke yake, ni umati. Asubuhi moja tu, kijana asiyejulikana anaweza kujiunga na kundi lenye bingwa wa dunia na kujipima naye kwa kilomita 10 za mwanzo. Shule ya St Patrick's ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alianza kufundisha mwaka 1976, iliwafanya wanafunzi waone ubingwa kuwa jambo la kawaida, kama kufaulu mtihani. Nyanda za Kati hazijawahi kuwa na mahali pa namna hiyo. Mtoto wa Mampando anayesikia kuwa bingwa wa dunia alizaliwa kijijini kwao hajui atamwona wapi akifanya mazoezi, kwa kuwa bingwa huyo alilazimika kuondoka ili awe bingwa.

Hapo ndipo penye hasara ambayo takwimu za medali haziionyeshi. Mkoa unatoa kipaji, mkoa mwingine unakikuza, na njia iliyompeleka mmoja haibaki wazi kwa anayefuata.

Wasichana nao wamo

Uchambuzi huu haungekamilika bila kuwataja wanawake. Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida, alifika fainali ya mita 5,000 katika Mashindano ya Dunia ya Helsinki mwaka 2005 na akaiwakilisha nchi katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012. Miaka mingi baadaye, Magdalena Shauri alishangaza wengi kwa kushika nafasi ya 3 katika mbio za Berlin za mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Kwa upande wa wanaume, Gabriel Geay alikuwa amekwisha kukimbia Valencia kwa saa 2:03:00 mwaka 2022 na kuwa wa pili Boston mwaka 2023.

Majina haya yanathibitisha kuwa Simbu si nyota ya pekee katika anga tupu. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, Tanzania ina kundi dogo la wakimbiaji wa marathoni wanaoheshimika duniani kwa wakati mmoja. Ikangaa mwenyewe, baada ya kustaafu, ameshiriki kuwatafutia wasichana nafasi kupitia mashindano ya wanawake ya Ladies First, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017 kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Japan, JICA. Si ajabu kwamba nchi iliyompa Ikangaa ushindi wake wa kwanza mkubwa na kumvisha Simbu dhahabu ndiyo iliyounga mkono jitihada hiyo.

Mbio nyingi, wakimbiaji wachache

Dodoma ya leo si ile ya Ikangaa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, barabara za lami zimeongezeka na watumishi wanaokimbia asubuhi kwa ajili ya afya ni jambo la kawaida. NBC Dodoma Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imekuwa ikichangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi, lengo ambalo hakuna anayeweza kulibeza.

Pamoja na hayo, mbio za hisani si sawa na mbio za kusaka vipaji. Katika mbio za hisani, mwenye fulana mpya na ada ya usajili ndiye mgeni rasmi wa barabara; kijana wa kijijini asiye na nauli hatokei. Kungekuwa na utaratibu wa kila mbio kubwa kutenga sehemu ya mapato kuwaleta wanafunzi bora kutoka kila wilaya ya mikoa ya kati, kuwapima, na kuwafuatilia kwa miaka mitatu au minne, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya jukwaa na spika za siku moja.

Wapo watakaosema kuwa Serikali ina mambo makubwa zaidi, na kwamba hata katika michezo, Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania ilipewa uenyeji pamoja na Kenya na Uganda, zinahitaji kila shilingi. Hoja hiyo ina uzito. Soka ndiyo inayojaza viwanja. Lakini soka haijawahi kuipa Tanzania bingwa wa dunia, na riadha imempa. Tena imempa kwa gharama ya mshahara wa askari mmoja, kocha mmoja na barabara ya vumbi.

Kwa hiyo dhahabu ya Tokyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Inaweza kusomwa kama uthibitisho kwamba Mtanzania anaweza, jambo ambalo Ikangaa alikwisha kulithibitisha mwaka 1989 na halikuhitaji kuthibitishwa tena. Au inaweza kusomwa kama onyo: kwamba kati ya mzaliwa wa Dodoma aliyeshinda New York na mzaliwa wa Ikungi aliyeshinda Tokyo ilipita miaka 36, na kwamba katika miaka hiyo Nyanda za Kati hazikujenga kituo hata kimoja cha mazoezi kilichomzuia mtoto wao asihame.

Mashindano ya Dunia ya mwaka 2027 yamepangwa kufanyika Beijing, na Olimpiki ya mwaka 2028 itakuwa Los Angeles, jiji ambalo Ikangaa alimaliza wa 6. Simbu atakuwa na miaka 36 wakati huo. Akienda na kushinda, itakuwa heri. Lakini kipimo cha kweli cha ushindi wake hakitakuwa medali yake ijayo. Kitakuwa ni umri wa Mtanzania atakayesimama naye mstarini, mahali alikozaliwa huyo, na kama ilimbidi ahame kwao ili afike hapo.